Mpaka Nimalize Kufunga Geti

Swali linalonichosha kuliko yote katika kazi hii ni "Fundi, oili gani ni nzuri?" Mtu anateremka kwenye gari lenye umri wa kumzaa, anasimama mlangoni mwa gereji yangu funguo zikining'inia kidoleni, anauliza kama anayeuliza saa. Nikimwambia inategemea, ananuna. Anataka nimtajie moja tu, yenye chupa ya kung'aa, akawatambie wenzake. Mimi ni mwanamke mwenye mdomo, sikatai, na wengi nimewaambia wakaulize duka la manukato.

Lakini niseme, maana bila hilo hamtaelewa kilichonipata. Oili ya injini huandikwa namba mbili. Ya kwanza inaonyesha itakavyotembea injini ikiwa ya baridi, ya pili itakavyobaki na uzito wake injini ikishachemka. Gari jipya vyuma vyake vimebanana, kwa hiyo linataka nyembamba ipite upesi. Gari la zamani limelika. Ukilitia nyembamba, oili inapita tu, vyuma vinagusana, vinagonga, na siku ukilipandisha mlima mrefu injini inakufa. Ukilitia nzito kupita kiasi nayo inachelewa kupanda juu asubuhi. Kati ya hapo na hapo inabidi uchague, na chupa haiwezi kukuchagulia.

Mimi nilifundishwa kuchagua na mtu mmoja tu, na hakunifundisha kwa namba. Tulimwita Mzee Sikio. Alikuwa akitaka gari lilale gerejini, ili asubuhi aliwashe likiwa baridi kabisa, kabla watu hawajaanza maneno yao. Anafumba macho, anainamisha kichwa upande, kisha anataja ile namba ya pili tu, "arobaini" au "hamsini", na hakuna aliyebisha. Likimtatiza, alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akaiegemeza ncha kwenye injini na mpini nyuma ya sikio, akasikiliza kama daktari.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Gereji mbili zilikuwa zimeshaniambia wasichana wanakaa ofisini kuandika risiti. Yeye alinirushia ovaroli iliyonipwaya na kuniuliza kama naogopa kuchafuka. Siku moja nilikuja na mafua, masikio yameziba, nikamwambia leo sisikii kitu.

"Una meno?" akaniuliza.

"Ninayo, mwalimu."

"Basi uma mpini."

Nikauma mpini wa ile bisibisi, ncha ikiwa kwenye injini, na mgongano wa vyuma ukaingia kwenye taya mpaka utosini. Niliruka kama nimepigwa na umeme, naye akacheka hadi akakaa chini.

Alipostaafu aliniachia gereji na bisibisi yenyewe ikining'inia kwenye msumari wake. Alibaki na gari lake moja, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya siku mbili. Kila baada ya miezi minne alilileta kubadilishwa oili, na kila mara alikuja na mkewe. Sote tulimwita mama tu. Alikuwa mnene wa wastani, mpole kwa watu wote isipokuwa kwa lile gari.

"Linagonga," alikuwa akisema kabla hata hajashuka. "Mwambie mwalimu wako linagonga. Asubuhi analitoa nje, mimi nabaki nyuma kufunga geti, linagonga mpaka nimalize kufunga."

"Kelele zako, mama," mzee anamjibu. "Geti lenyewe ndilo linalogonga."

Kisha ananigeukia, ananikonyeza. "Weka arobaini, binti yangu. Tumnyamazishe mama."

Mchezo huo tuliucheza miaka sita. Mara mama aseme linagonga mpaka afike kwenye duka la kona. Mara aseme leo halikunyamaza hata sokoni, nusura ashuke atembee kwa miguu. Mzee anacheka, anamwambia kelele zako, kisha ananiambia, "Haya, mpe hamsini, atuache tupumue." Na mimi nacheka. Nilikuwa nalisikia lile gari, bila shaka. Lilikuwa linagonga kweli, tena vile vile alivyosema. Nikajua mzee analisikia kuliko mimi, anamtania tu mke wake. Niliwaonea wivu, niseme ukweli. Nilifikiri hivyo ndivyo watu wanavyozeeka wakipendana.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Aliugua siku nne tu.

Alhamisi moja, miezi mitatu baadaye, lile gari jeupe likaingia gerejini asubuhi na mapema, na kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Nililisikia kabla sijaliona. Lilikuwa linagonga kama kopo la misumari linalotikiswa. Fundi umeme tunayegawana naye uwanja, tunayemwita Waya, alitoa kichwa chini ya dashibodi ya gari alilokuwa akilifanyia kazi.

"Mzee, umetuletea mashine ya kusaga?" akapiga kelele.

Mzee alishuka, akamsalimu kwa mkono, akapita. Nilidhani amempuuza. Waya hustahili kupuuzwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Jumamosi nina safari, nataka oili mpya."

Akanieleza, na alivyonieleza alikuwa ameegemea boneti kwa viganja vyote viwili. Binti yake, anayeishi mji wa mbali, ng'ambo ya mlima, alikuwa amemng'ang'ania tangu msiba. Anataka baba aache nyumba, auze gari, akakae naye. Hawezi kulala akifikiri mzee yuko peke yake. Wamebishana kwenye simu mpaka wote wakalia. Mwisho wakakata maneno: Jumamosi mzee aendeshe mwenyewe, avuke mlima, afike kabla ya chakula cha mchana, gari likiwa salama. Akifika, binti hatalizungumza tena jambo la kuhama. Likimfia njiani, linauzwa, naye anafunga nyumba.

"Nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Nyumba ile nilimjengea mama yake. Geti lile alichagua rangi yeye. Niende nikakae kwenye chumba cha wageni, niulizwe saa ngapi nitaoga?"

"Hutaenda kokote, mwalimu. Tutaliandaa."

"Basi weka tano-thelathini."

Nilidhani nimesikia vibaya. Tano-thelathini ni nyembamba karibu na maji. Ni oili ya magari yaliyotoka kiwandani juzi.

"Tano-thelathini kwenye hili?"

"Injini yangu imetulia kama kitanda," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naitwisha oili nzito ili kumridhisha mama. Unakumbuka alivyokuwa akilalamika? Sasa hakuna wa kulalamika. Tuipe inachostahili, ipumue, ipande mlima ikiwa nyepesi."

Akaingia, akawasha, ili nisikie mwenyewe. Akatoka na kusimama mbele ya boneti iliyo wazi, akafumba macho, akainamisha kichwa upande, vile vile kama zamani. Kati yangu na yeye tapeti, vile vyuma vidogo vya juu ya injini, zilikuwa zinapiga kelele ambayo hata mpita njia aligeuka kuiangalia. Na uso wake umetulia, anatabasamu kidogo, kama mtu anayemsikiliza mtoto akipumua usingizini.

"Umesikia?" akaniuliza. "Kimya."

Mtu nikiongea naye ananisikia, honi anazisikia. Lakini ile sauti nyembamba ya juu, ya chuma kwa chuma, ilikuwa imeshamtoka. Si juzi wala jana. Ilikuwa imemtoka kwa miaka, polepole, bila kumuaga. Na mimi nilikuwa nacheka pembeni.

Ningemwambia pale pale ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilimwona amesimama na macho yake yamefumbwa, nikafikiri: huyu mtu jina lake ni Sikio. Nimwambie nini? Mke amemzika, nyumba anaigombania, nami nimnyang'anye sikio siku mbili kabla ya safari? Nikajikaza kisabuni, nikasema, "Sawa, mwalimu. Tano-thelathini."

Nikamwaga oili ya zamani, nikabadilisha filta. Kisha nikaingia stoo, nikachukua chupa tupu ya tano-thelathini, nikaijaza ile nzito, ishirini-hamsini, kutoka kwenye pipa. Nikatoka nayo, lebo ikimtazama yeye, nikaimimina mbele ya macho yake. Watu husema kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nilimpaka mwalimu wangu kwa chupa yenyewe, mchana kweupe.

Alisubiri nimalize. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaigusa oili kwa kidole gumba na cha shahada, akaisugua. Nilikuwa nimesahau vidole. Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara, na nilisahau.

"Hii si tano-thelathini," alisema.

Nikajifanya nakaza kifuniko cha oili.

"Hii ni hamsini." Akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile, hata nilipomvunjia rediyeta ya mteja mwaka wangu wa kwanza. "Nilikufundisha wizi hapa? Mteja akitaka hiki unampa kile?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeniona nimezeeka. Mnakula njama na binti yangu?"

"Gari linagonga, mwalimu."

"Linagonga wapi? Kelele za mama hizo, na wewe umezirithi?"

"Linagonga. Muulize Waya."

Waya, ambaye kwa kawaida hana kituo mdomoni, aliangalia koleo yake muda mrefu. "Linagonga, mzee," akasema. "Tangu unakata kona kule barabarani."

Mzee akatuangalia mmoja mmoja. Nilitamani nirudishe maneno tumboni. Badala yake nilienda ukutani, nikatoa ile bisibisi kwenye msumari, nikaifuta mpini kwa pindo la ovaroli, nikawasha gari.

"Una meno?" nikamwuliza.

Sauti yangu haikuwa na ufidhuli. Alinielewa. Akaipokea bisibisi, akaangalia mpini wake aliouchonga mwenyewe, akaegemeza ncha kwenye kifuniko cha injini, akainama na kuuma.

Niliona ule mgongano ulipomwingia. Kichwa kiliruka kidogo. Hakuiachia. Alihama, akagusa silinda ya pili, ya tatu, ya nne, akiuma, macho yakiwa wazi kabisa. Alipoinuka alijifuta mdomo kwa kitambaa na kuzima gari.

"Na hiyo ni hamsini mpya," alisema taratibu. "Ikiwa imeanza kupanda."

"Ndiyo."

"Wewe umelisikia tangu lini?"

"Miaka sita."

"Na hukusema?"

"Nilidhani unalisikia. Nilidhani unamtania mama."

"Nilikuwa namtania," alisema. Akakaa kwenye gurudumu kuukuu lililolala pale. "Mimi nami nilidhani namtania."

Waya alijitia hamnazo, akarudi chini ya dashibodi yake. Mimi nilibaki nimesimama na mikono yenye oili, sijui niiweke wapi. Na hapo ndipo nilipoyapanga yale maneno ya mama kichwani, moja baada ya jingine. Mpaka nimalize kufunga geti. Mpaka duka la kona. Mpaka sokoni. Mtu anayelalamika ovyo hapimi hivyo. Likigonga hadi geti lifungwe, hiyo ni injini ya baridi, arobaini inatosha. Likigonga hadi dukani, ujiandae. Likifika sokoni limechemka na bado linagonga, hiyo ni hamsini, hakuna mjadala. Na kila mara aliyasema mbele yangu, kwa sauti, akinitazama mimi wala si yeye.

"Alikuwa anajua, mwalimu," nikamwambia. "Alijua husikii. Alikuwa anakuletea sauti yenyewe, na kipimo chake."

"Mama hakujua tofauti ya oili na maji ya betri."

"Hakuhitaji kujua. Alijua wewe unajua."

Mkono wake ulikuwa unazungusha bisibisi polepole juu ya goti.

"Miaka sita," akasema, "namwambia anyamaze."

Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha, na mimi niliyekuwa nikijiona jasiri wa gereji nzima nikamgeuzia mgongo nikajifanya natafuta kitambaa. Nililia vizuri tu kwenye ile stoo, kati ya mapipa. Nilimlilia yeye, na nilijililia, maana masikio yangu hayana kasoro na hayakunisaidia kitu.

Nilipotoka alikuwa ameshasimama, anasoma lebo ya chupa niliyomdanganyia.

"Iache hamsini," alisema. "Umechagua sawasawa. Ila chupa ya kuazima usiitumie tena, utakuja kumuua mtu." Kisha akanitazama. "Jumamosi gereji unafungua?"

Jumamosi ndiyo siku yangu yenye wateja wengi kuliko zote, na yeye alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyenizoeza hivyo. Nilisema sifungui.

Tuliondoka alfajiri imekwisha kupambazuka. Alilitoa gari nje kinyumenyume, nikabaki nyuma kufunga geti. Ni la bluu, rangi ya daftari la shule, na kitasa chake ni kigumu. Inabidi uliinue kwa bega moja huku unasukuma. Inachukua muda. Nilipokuwa nahangaika nalo nikatega sikio. Gari liligonga, likagonga, na nilipoingiza kufuli likaanza kutulia. Nikaja nikakaa kwenye kile kiti cha kushoto. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo lisilo langu.

Hakuondoa gari. Alinisubiri, mikono kwenye usukani.

"Mpaka nimalize kufunga geti," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akaingiza gia.

Kule mlimani kila tulipomaliza kona moja aliniuliza, "Vipi?" nami nikamjibu. Limetulia. Limetulia. Hapa linalalamika kidogo, punguza gia. Alipunguza bila kubisha. Malori mawili yalikuwa yamekufa kando ya barabara, boneti zimeachama, na tulipoyapita alishika usukani kwa nguvu zaidi. Kwenye kilele alisimamisha, akashuka, akaweka kiganja kwenye boneti kama anayepima homa, akarudi.

Tulifika saa tano na nusu. Binti yake alikuwa mlangoni kabla hatujasimama, mwanamke mrefu mwenye paji la uso la mama yake, uso umejaa maneno ya wiki nzima. Alimkumbatia baba yake, akanisalimu mimi kwa mashaka, akaitazama saa yake kwa wizi. Mzee alikuwa ameshinda na wote tulijua. Alichotakiwa kufanya ni kuzima gari na kuomba maji ya kunywa.

Gari lilikuwa bado linaunguruma. Binti aliinamisha kichwa upande, akakunja uso.

"Baba," alisema, "hili gari lako linagonga."

Nilishika kitasa cha mlango. Nililijua jibu, nilikuwa nimelisikia miaka sita. Niliona hata midomo yake ikijiweka tayari kulitoa.

Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi silisikii, mwanangu," akamwambia. "Sisikii tena sauti hiyo. Mama yako alikuwa ananisikilizia." Akasogea pembeni kumpisha mbele ya boneti. "Njoo hapa. Linagonga vipi? Nieleze taratibu."

Binti alinitazama mimi, akamtazama baba yake. Yale maneno ya wiki nzima sijui yalikwenda wapi. Alikaribia, akaweka nywele nyuma ya sikio, akainama.

"Kidogo tu," akasema. "Kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko. Sauti inakuja, inakwenda."

"Upande gani?"

"Huku. Kwako."

"Haya," alisema mzee, na akafumba macho. "Endelea kuniambia."